Njia ya Ng'ombe Kwenda Chumvini

Nikiri ujinga wangu mwenyewe kabla hamjausikia kwa majirani, maana wao wanausimulia kwa kuongeza chumvi, na chumvi katika habari hii tayari ni nyingi. Nilijifunga kamba ya ng'ombe kiunoni. Upande wa pili wa kamba hiyo alikuwapo ng'ombe mzima, mnene, anateremka kilima kwenda kulamba udongo wa chumvi mtoni. Nilitaka mikono yote miwili iwe huru ili nipige video kwa simu. Mimi, niliyezaliwa hapa hapa juu ya Mogogosiek, ambaye safari yangu ndefu kabisa ilikuwa kwenda Kericho mjini kutengeneza miwani nikarudi kabla ya chai ya saa kumi, nilisahau jambo ambalo enzi zetu hata mtoto anayenyonya alilijua: ng'ombe anayekwenda chumvini hashikwi. Anapishwa.

Nitafika huko. Kwanza nirudi nyuma kidogo, maana bila ya nyuma mtadhani mimi ni mjinga wa kuzaliwa.

Wenzangu mliokula kimyet baridi, yaani ugali wetu, na mursik, maziwa ya kibuyu, asubuhi, mkaenda shule mkiwa na masharubu meupe ya maziwa, hamhitaji kuelezwa ng'eny ni nini. Wengine nawaeleza upesi. Ni ule udongo wa chumvi ulio ukingoni mwa mto, wa kijivu kinachokaribia weupe, laini kama unga uliomwagiwa maji, ambao ng'ombe wa zamani walikuwa wakipelekwa kuulamba. Kila kokwet, yaani kila ujirani, ulikuwa na siku yake ya kwenda. Na kutoka juu ya kilima mpaka ng'eny ilikuwepo njia ya ng'ombe, pana, yenye ua wa kayaba wenye miiba huku na huku, inapita katikati ya mashamba ya watu wote na haikuwa ya mtu yeyote. Chai ilipoingia kwa wakulima wadogo, wazazi wetu walipanda kila mahali, mpaka nyuma ya choo. Lakini walipofika kwenye ule ua walisimama. Baba yangu alipanda mstari wa mwisho kisha akarudi nyuma kwa heshima, kama mtu aliyejikuta mlangoni kwa mama mkwe.

Siku ya ng'eny hatukuhitaji kuamshwa. Tuliamka ukungu ungali umelala juu ya majani ya chai, harufu ya kiwanda inapanda kutoka bondeni, ile harufu ya majani yanayonyauka ambayo mpaka leo nikiinusa nasikia njaa. Kazi ya kwanza ilikuwa kufungia ndama. Mama alisimama mlangoni na kusema yale yale kila mara: "Ndama abaki. Ng'ombe asiyeacha mtoto nyumbani hana saa ya kurudi." Ndama walilia ndani ya zizi, mama zao wakalia nje, sisi tukacheka, na watu wazima wakatufokea tuache kuchekelea kilio cha mzazi.

Halafu njiani! Mwanzoni ng'ombe walitembea kwa adabu kama waumini wanaotoka kanisani. Wa kwetu mbele, wa kina binamu yangu Wesley nyuma, wa majirani wengine wakiingia kutoka kila lango, kengele zinalia, vumbi au matope kutegemea Mungu alivyoamka. Tukifika kwenye kona yenye mti mkubwa uliopinda, upepo wa mtoni ulipanda na ng'ombe wa mbele aliinua pua. Hapo ndipo adabu ilipokwisha. Mkia ulisimama wima kama bendera ya shule. Wa pili naye. Wa tatu. Kisha kundi zima lilishuka mbio, kwato zinapiga ardhi mpaka unasikia tumboni, na sisi watoto nyuma yao tunakimbia tukipiga kelele bila sababu yoyote ya maana, mikono juu, kaptula zimeshikiliwa kwa pini. Baba alibaki juu akipaza sauti: "Mpishe! Akishanusa chumvi, wewe si mwenyewe tena! Mpishe!" Tulipisha. Tulirukia kwenye ua, tukatoka na miiba mahali ambapo siwezi kupataja mbele ya wasomaji wenye heshima zao.

Kule chini ng'ombe walilamba, na sisi tulilamba. Ndiyo, tulilamba. Msijifanye hamkulamba. Ulimega kipande cha udongo, unakipangusa kwa shati kana kwamba shati ndilo lililo safi, kisha unakifyonza polepole kama peremende. Akina mama wenye mimba walitutuma tuwaletee mapande yaliyofungwa kwenye jani la mgomba, na sisi tulitoza ushuru wetu njiani. Jumatatu yake mwalimu wetu wa darasa la tatu alitupanga mstari. "Toa ulimi!" Mwenye ulimi mweupe alikuwa ameshinda mtoni badala ya kufanya hesabu, na alipata viboko vyake. Mpaka asubuhi moja mwalimu mwenyewe alipiga mwayo mrefu mbele ya darasa, na sote tukauona ulimi wake: mweupe pe! Tangu siku hiyo ukaguzi wa ndimi haukufanyika tena.

Mdogo wangu alizaliwa siku ya ng'eny. Mama alishikwa na uchungu wakati kijiji chote kiko mtoni, hakuna wa kuchemsha hata maji, na kogo, bibi yetu, alifanya kila kitu peke yake huku akiwatukana wanaume wote kwa majina. Baba aliporudi jioni, mdomo umejaa udongo, alimkuta mtoto amekwisha kuoga. Wakamwita Kipng'eny. Kilima hiki kina akina Kipng'eny na Chepng'eny, wavulana kwa wasichana, hawahesabiki, maana watoto hawakuchagua siku. Huyu wa kwetu siku hizi yuko Nairobi na anajiita Ken.

Na mimi, kwa faida yenu, nilimpata mke palepale. Watu wa kilima cha ng'ambo walikuwa na siku yao, lakini mara nyingine walichelewa kuondoka nasi tukawahi kufika, na hapo vita vya maneno vilianza juu ya mto. Walitwambia ng'ombe wetu wamekonda mpaka wanaweza kupita katikati ya matone ya mvua. Tuliwaambia wao wanakamua mbuzi na kuwadanganya watoto kuwa ni ng'ombe. Siku moja msichana mwembamba mwenye kabuti la dada yake alisimama juu ya jiwe, akaninyooshea kidole mimi, mimi peke yangu kati ya wote, akauliza, "Na huyo mwenye kichwa kama kibuyu, naye mmemleta alambe?" Jibu ninalitafuta mpaka leo. Leo ni Mama Chelangat, na swali lake halijabadilika sana.

Basi miaka ikaenda. Ng'ombe wa kienyeji waliondoka, wakaja ng'ombe wa gredi, warembo, wakubwa, wasiotembea. Wangu anaitwa Malkia. Anaishi bandani juu ya sakafu ya simiti, anakatiwa majani ya nepia, anawekewa redio wakati wa kukamuliwa, na jiwe lake la chumvi linatoka duka la agroveti likiwa limefungwa kwa karatasi ya nailoni. Zamani ng'ombe alipelekwa chumvini. Siku hizi kila kitu kinapelekwa kwa ng'ombe. Na watoto nao ni wa gredi vilevile. Binti yangu Chelangat anapiga simu kutoka chumbani kuuliza kama chai iko tayari jikoni.

Njia ya ng'ombe ilibaki bila kazi. Kayaba ikavimba, magugu ya lantana yakaingia, mtu akatupa matairi, mwingine akaanika mahindi. Mwaka huu, binamu yangu Wesley, ambaye tuliibiana miwa tangu hatujaota meno ya pili, aliitisha kikao cha kokwet. Alikuja na futi ya kupimia. Hoja yake ilikuwa fupi: njia igawanywe, kila mwenye shamba kando yake aongeze mistari ya chai, na ua wa zamani ung'olewe.

"Ndugu zangu," alisema, "hii ni njia ya ng'ombe. Sawa. Sasa nionyesheni ng'ombe."

Watu walicheka. Mimi nilisimama, na sijui ni pepo gani, maana katika vikao mimi huwa mtu wa kunywa chai tu. Nilisema njia hii baba zetu waliiacha kwa makusudi. Nilisema kibuyu cha kogo ukiacha kukitumia unaweza kukitundika ukutani, wageni wakakisifu. Lakini njia haitundikwi. Ukiacha kuipita imekufa, na ikishapandwa chai hakuna mjukuu atakayejua kwamba hapa watu wote wa kilima waliwahi kukimbia pamoja. Nilisema pia habari ya akina Kipng'eny. Wazee wawili walitikisa kichwa kukubali. Mmoja nadhani alikuwa anasinzia.

"Baba Chelangat unaongea vizuri," Wesley alisema. "Unaongea kama redio. Mimi nakuambia hivi: Jumamosi, ng'ombe mmoja tu ashuke hapa mpaka ng'eny, alambe, na arudi juu kwa miguu yake. Si kwa pikapu. Kwa miguu yake. Akirudi, mimi naweka hii futi kwa mfuko na sitawahi kuitoa. Asiporudi, tunapima Jumatatu."

Wote wakaafiki. Nikaafiki. Nilipofika nyumbani ndipo nilipomtazama Malkia, naye akanitazama, nikagundua kuwa mtihani nimeukubali mimi lakini mtahiniwa ni yeye.

Jumamosi kilima chote kilikuwa ukingoni mwa njia, wengine wamebeba viti. Mama Akinyi, jirani yangu wa upande wa pili wa njia, alikuja na beseni lake la dagaa wa omena akauza palepale kama uwanjani. Yeye alitoka kule ziwani na mume wake aliyekuwa akifanya kazi kiwandani, wakanunua kipande hapa, na leo anajua siri za kilima hiki kutuzidi sisi wenye makaburi hapa. Chelangat alikuwa amenipa simu yake na maagizo. "Baba, usikate kichwa. Shika simu ikilala. Hii ni kontenti ya mtandaoni."

Malkia alikataa kutoka bandani. Tulimvuta, tulimsukuma, tulimwimbia. Alikanyaga udongo wa kweli kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya utu uzima, akainua mguu, akautikisa kama mama aliyekanyaga maji na viatu vya kanisani. Watu walikuwa hoi kwa kucheka. Lakini hatimaye alitembea, pole pole, akionja kayaba, akikemewa, akionja tena. Nikaona mambo ni shwari kabisa. Nikajifunga kamba kiunoni, nikawasha simu, nikaanza kutangaza: "Wapenzi watazamaji..."

Tulikuwa tumefika kwenye kona ya ule mti uliopinda.

Sikuuona mkia ukisimama kwa sababu nilikuwa najitazama mwenyewe kwenye kioo cha simu. Niliona tu kwamba uso wangu umeondoka. Kisha nikaona mbingu, kisha kayaba, kisha mbingu tena. Ng'ombe ambaye hajawahi kwenda popote, ambaye mama yake hakuwahi kwenda, wala bibi yake, alinusa upepo wa mto na akajua. Alishuka mbio za wazee wake, na mimi nyuma yake nikishuka kwa namna zote zinazojulikana: kwa miguu, kwa magoti, kwa tumbo, na kipande fulani kwa mgongo. Nilisikia kilima chote kikipiga kelele nyuma yangu, wazee kwa vijana, mikono juu, wanakimbia. Wanakimbia! Nilipopita kwenye matope nilimsikia mzee mmoja akipaza sauti ile ile ya baba: "Mpishe! Mpishe!" Ningependa sana kumpisha. Nilikuwa nimefungwa naye.

Kamba ilikatika karibu na mto, Mungu ni mwema. Nikainuka na suruali yenye mguu mmoja. Malkia alikuwa tayari amezamisha pua kwenye ng'eny, analamba kwa macho yaliyofungwa kama mtu anayeomba. Na watu waliokuwa wamekimbia walisimama wakihema, wakitazamana kwa aibu ya furaha, na kabla sijafuta tope usoni nilimwona Wesley, Wesley mwenye futi mfukoni, ameinama, amemega kipande, anakipangusa kwa shati.

"Naangalia tu kama bado ni ile," akasema, mdomo umejaa.

Ndipo wote wakainama. Vijana waliotucheka waliomba waonje. Mmoja alitema akasema inafanana na chaki. Tukamwambia huyo hajalelewa.

Sasa ikabaki kurudi. Malkia hakutaka. Nilivuta, akavuta kunizidi. Saa zilikwenda, jua likaanza kuinamia vilele vya miti, Wesley akatoa futi akaipunga hewani kwa madaha. "Jumatatu asubuhi, Baba Chelangat. Uje na kamba ya mistari." Nilikaa juu ya jiwe. Kucheka kote kulikuwa kumeniisha mwilini, na nilichokiona mbele yangu ni mistari ya chai imeshikana kutoka shamba hadi shamba, safi, ya kijani, hakuna mahali pa mtu kukimbia.

Kisha kutoka juu, mbali, tukasikia ndama.

Mama Chelangat hakuwa amekuja mtoni. Alikuwa amebaki nyumbani akisubiri maziwa yajae kiweleni mwa Malkia, na alipoona muda umefika alimtoa ndama wa Malkia, akamshika pale kwenye mdomo wa njia, akamwacha alie. Malkia aliinua kichwa. Tope lilidondoka puani. Alijibu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka bandani kwetu, akageuka, akapita kando yangu na kando ya Wesley kana kwamba sisi ni vigingi, akaanza kupanda. Kwa miguu yake. Hakushikwa na mtu. Tulimfuata nyuma tukiwa tumejipanga kama tulivyojipanga zamani, ila sasa tukisimama kila baada ya hatua chache kushika viuno.

Wesley ni mtani lakini si mwongo. Pale juu aliiweka futi mfukoni, akamshika Malkia shingoni, akasema, "Shemeji, umenishinda." Kikao kikakubaliana bila kukaa: njia inabaki, ua unabaki, na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi mwenye ng'ombe amlete. Mwezi uliofuata walikuwa wanne. Mmoja aliingia kwenye chai, lakini ndiyo kujifunza.

Mke wangu nilimuuliza usiku ule alikumbukaje habari ya ndama, na mimi sikukumbuka. Akasema, "Ninyi mlikuwa mnakimbia. Sisi wa ng'ambo tulikuwa tunafikiria kurudi."

Jana jioni nilisimama kwenye mdomo wa njia, ukungu unaanza kushuka, nikahisi moyo umejaa. Mama Akinyi alikuwa anapita na beseni lake tupu kichwani, nikamsimamisha, maana mtu mwenye moyo uliojaa humwagia aliye karibu. Nikamwambia: enzi zetu, mama, njia hii ilijaa watoto kutoka pembe hii hadi pembe ile. Tulikuwa hatuna viatu, hatuna simu, lakini tulikuwa na mahali pa kwenda pamoja. Sasa tumeirudisha njia, ng'ombe wameanza kurudi, lakini watoto wako wapi? Jumamosi wana masomo ya ziada. Wakibaki nyumbani wanaizunguka dunia nzima kwa kidole. Huenda tumeokoa barabara ya kwenda kwenye utoto wetu wenyewe, na sisi tukishaondoka hakutakuwa na wa kuipita. Zamani njia ilikuwa pana hivi, mama, nikamwonyesha kwa mikono, ng'ombe sita walipita bega kwa bega...

Alinisikiliza mpaka mwisho, ana heshima. Kisha akatua beseni, akatazama ua wangu, akanitazama mimi.

"Baba Chelangat, hii njia imekuwa nyembamba hapa kwako tu. Kwangu ni pana, kwa Wesley ni pana, ni hii kayaba yako imelala kwa barabara kama mlevi, na watoto wanaogopa miiba. Wacha kukumbuka, kesho amka na panga."